Mchoro wa Nyaya Aliouacha Fundi Taratibu

Aliyelala hapa mbele yetu aliitwa Fundi Taratibu na karibu kila mtu, wakiwemo wale ambao magari yao yalikaa kwake wiki tatu kwa sababu ya taa moja ya breki. Jina hilo hakulipenda wala hakulikataa. Wasifu huu umeandikwa na binti yake wa kwanza, ambaye ndiye huyu anayeusoma, naye ameombwa asizidishe dakika kumi na tano. Mtu asihofu, hana nguvu za kuzidisha. Miaka mitatu ya hospitali imemchosha yeye, imemchosha mama yake, na marehemu mwenyewe ilimchosha kuliko wote.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya malori. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba dereva na mama aliyefua nguo za watu. Kaka yake, mnayemjua nyote kwa jina la Nyundo, alimtangulia kwa miaka minne. Walilala kitanda kimoja mpaka mkubwa alipoanza kuota ndevu. Inasimuliwa kwamba siku moja baba yao aliacha tochi mezani, Nyundo akaigonga kwa jiwe ili ajue ndani mna nini, na mdogo wake akaokota vipande akakaa navyo siku nne mpaka tochi ikawaka. Baba aliporudi safari aliwachapa wote wawili, mmoja kwa kuvunja na mwingine kwa kumaliza betri.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Kwenye mitihani alikuwa akimaliza nusu ya maswali, na nusu hiyo yote anapata. Mwaka 1976 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu umeme wa magari Novemba 1978. Kwenye cheti chake mwalimu aliandika kwa mkono, chini kabisa: “Anafikiri sana. Aharakishe kidogo.” Marehemu alikitia cheti hicho kwenye fremu na kukitundika sebuleni, na mgeni akikisoma na kucheka, yeye alikuwa anasema tu kwamba mwalimu huyo alikuwa na haraka zake.

Aliajiriwa na kampuni ya mabasi mwaka 1979, kwenye karakana, akakaa hapo miaka kumi na miwili. Ni katika kipindi hicho, Jumamosi tarehe 23 Agosti 1986, alipofunga ndoa na fundi cherehani mmoja aliyekuwa na chumba chake cha kazi mkabala na lango la karakana. Gari la maharusi liliposimama mlangoni, honi ikakwama, ikalia bila kukoma, na wageni wakaziba masikio. Bwana harusi akavua koti, akampa bibi harusi alishike, akafunua boneti. Alichukua dakika arobaini. Katika picha zote za harusi yao kidole gumba chake cha kulia ni cheusi tii, na mke wake mpaka leo anasema hapo ndipo alipojua ameolewa na nani. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1991 marehemu na kaka yake walifungua gereji yao. Upande wa kushoto Nyundo alinyoosha bodi, upande wa kulia marehemu alishughulika na umeme. Mmoja alikuwa anapiga kelele kutwa, mwingine anaweza kumaliza asubuhi nzima bila kutoa sauti, na wateja walizoea kumuuliza wa kushoto kama wa kulia yupo. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne. Walikula sahani moja mchana, na jioni waliongozana nyumbani.

Jumamosi tarehe 12 Machi 2005 gari dogo la mizigo walilokuwa wamelitengeneza pamoja liliwaka moto barabarani likiendeshwa na Nyundo. Alitoka akiwa hai, lakini mikono yake yote miwili iliungua, na kwa miezi minane hakuweza kushika nyundo. Mwenye gari alipouliza chanzo, marehemu alisema ni bomba la mafuta. Bomba hilo lilikuwa limefungwa na Nyundo wakati anaziba sakafu ya gari. Hivyo ndivyo marehemu alivyosema, na hivyo ndivyo familia ilivyojua. Nyundo alikuwa kitandani na bandeji mikononi alipoletewa maneno hayo. Hakujibu kitu.

Aliporudi kazini aliweka ukuta wa mabati katikati ya gereji. Kuanzia hapo ndugu hawa wawili hawakusemezana miaka kumi na mitano. Kwenye misiba walikaa ncha mbili za benchi moja. Watoto walikuwa wanatumwa: “Kamwambie baba yako mkubwa mama anaumwa.” “Kamwambie baba yako nimesikia.” Yeyote aliyekuwa mtoto katika ukoo huu miaka ile anajua njia ya kuzunguka ukuta ule hata akifumba macho. Ilichosha, na haikumfaidisha mtu.

Sasa ndipo tunafika kwenye gari la zamani, ambalo nusu ya waliopo hapa wamelisikia na robo wamelicheka. Januari 2021 Nyundo alinunua mabaki ya gari dogo la mwaka 1958 kwenye ua wa mwalimu mkuu mmoja mstaafu. Halikuwa na injini, viti wala vioo, na kuku walikuwa wanatagia ndani. Alilisukuma mpaka gerejini akaanza kulinyoosha. Jumapili moja ya mwezi wa tatu, saa tisa alasiri, alitokea nyumbani kwa mdogo wake bila kutuma mtu, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

“Nina gari linataka waya,” alisema.

Marehemu alikuwa anakunywa chai. Alimvutia kiti akasema, “Karibu, Kaka.”

“Ila sikiliza. Sitaki waya hata mmoja uingie mle kabla sijauona kwenye karatasi. Kila mmoja. Unatoka wapi, unapita wapi, unafika wapi. Nikiridhika naweka sahihi. Nisiporidhika, hauingii.”

Kwa fundi wa miaka arobaini na zaidi hayo yalikuwa matusi. Mke wake alisimamisha cherehani akingoja asikie mumewe atajibu nini. Marehemu aliweka kikombe chini akasema, “Sawa.”

Basi akaanza kupanga. Kwanza aliandika kila kitu kitakachokula umeme ndani ya gari lile, kuanzia kiwasha injini hadi kijitaa cha kuangazia mita ya mafuta. Akapiga hesabu kila kimoja kinakula kiasi gani, kinahitaji waya mnene kiasi gani na fyuzi ya ukubwa upi. Gari hilo lilipotoka kiwandani lilikuwa na fyuzi mbili tu, za gari zima, na nyaya zimevikwa kitambaa kama vidonda. Yeye alipanga fyuzi kumi na mbili. Halafu, ili apate urefu, alifanya jambo ambalo hakuna fundi mwingine angelifanya: alichukua nyuzi za cherehani za mke wake akazipitisha ndani ya bodi tupu, kila njia na rangi yake, akizibandika kwa gundi ya karatasi, kisha akazitoa na kuzipima kwa futi ya kamba, ya cherehani pia.

“Baba watoto,” mke wake alimwambia, “huo mwekundu ni wa gauni la watu. Bibi harusi anakuja Ijumaa.”

“Huu ni wa taa za breki.”

“Bibi harusi atavaa nini?”

“Mwambie asifunge breki,” alisema, na ilikuwa nadra kwake kutania, kwa hiyo ilibidi wacheke wote.

Kazi ambayo fundi mwingine angeimaliza kwa mwezi mmoja ikaenda miaka mitatu na nusu. Sehemu yake ni tabia, na sehemu ni ugonjwa. Novemba 2021 madaktari walisema figo zake zote mbili zimechoka. Kuanzia hapo alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumatatu na Alhamisi, na kila aliporudi alilala kutwa nzima ya kesho yake. Zilibaki Jumatano na Jumamosi za kuchora. Jumapili ilikuwa ya Nyundo.

Nyundo alikuja kila Jumapili saa tisa. Alikalia kiti kilekile karibu na dirisha, akavaa miwani, akafuata mstari wa penseli kwa kidole chenye kovu. Alikuwa hajui kusoma michoro ya umeme, kwa hiyo marehemu alilazimika kumweleza kila alama, na wiki iliyofuata kumweleza tena. Binti aliyekuwa akimimina chai alitamani mara nyingi kupiga kelele. Ilikuwa kama kumwangalia mtu akisomea mtihani ambao msimamizi ameshajua atafeli. Wakati mwingine marehemu alikuwa anaweka penseli chini, anavuta pumzi na kusema, “Kaka, kuna jambo,” halafu anasema chai imepoa, au anauliza kama mvua itanyesha. Hilo lilitokea zaidi ya mara moja. Nyundo alikuwa anangoja kidogo, anageuza karatasi.

Karatasi zilikuwa kumi na nne. Ya mwisho ilihusu tundu lililo kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria, mahali ambapo nyaya zote hupita kwenda mbele. Marehemu aliichelewesha hiyo kuliko zote, na aliipeleka mbele ya kaka yake Jumapili tarehe 11 Agosti mwaka huu, akiwa tayari hawezi kukaa bila mto mgongoni.

“Hapa pana nini?” Nyundo aliuliza, kidole kwenye tundu.

“Pana mpira. Unazunguka tundu, bati lisikwaruze waya.”

“Na mpira ukikosekana dukani?”

“Gari linasubiri.”

“Hata kama mteja ana haraka?”

“Linasubiri, Kaka.”

“Tepu je? Si mtu anaweza kuzungushia tepu kwanza, halafu atarudi?”

Marehemu aliangalia mikono yake, kisha ya kaka yake. “Tepu hapana,” alisema. Nyundo akaweka sahihi, akavua miwani, akaaga. Jioni hiyo marehemu hakula, na binti yake akadhani ni figo.

Alilazwa Ijumaa tarehe 4 Oktoba, wodi ya pili, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Jumatatu tarehe 14 alimwomba binti yake asogeze kiti.

“Ile karatasi mtakayonisomea,” alisema, “utaiandika wewe?”

“Baba, tusianze mambo hayo.”

“Nakuuliza utaiandika wewe?”

“Nitaandika.”

“Basi andika kwamba lile gari nililichoma mimi.”

Akamweleza. Jumatano ya wiki ile ya mwaka 2005 mpira wa tundu ulikosekana dukani na mwenye gari alikuwa anataka gari lake. Marehemu alizungushia tepu, akajiambia atarudi Ijumaa kuweka mpira. Ijumaa ikaja na kazi nyingine, akasahau. Mtu aliyeitwa Taratibu maisha yake yote aliharakisha siku moja. Bati lilikula tepu, likala ganda la waya, na moto ukaanzia hapo. Alilijua hilo tangu alipoliona gari lililoungua, kabla hata hajafika hospitali kumwona kaka yake. Bomba la mafuta alilitaja kwa sababu ndilo neno lililomjia kwanza mdomoni, na baada ya kulitaja hakujua namna ya kulirudisha.

“Mwambie mwenyewe,” binti alisema. “Nampigia sasa hivi aje.”

“Nimejaribu Jumapili zote hizo.”

“Jaribu na hii moja.”

Alifumba macho. Alisema amechoka, na mtu yeyote angeona kwamba ni kweli. Nyundo alipigiwa simu, akaahidi kuja Alhamisi akitoka kufunga mlango wa gari la mteja. Alhamisi hiyo, tarehe 17 Oktoba 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, marehemu alifariki dunia, mke wake akiwa amemshika mguu na binti yake akiwa dirishani anaangalia kama baba mkubwa amefika getini. Alifika saa sita kasoro. Alikuta shuka imeshavutwa. Alisimama hapo na kofia mkononi, na muuguzi akamletea kiti, hakukikalia.

Familia inamshukuru kila aliyefika, kila aliyepika, na wauguzi wa wodi ya pili. Lakini kuna aya inayobaki, na bila hiyo aya wasifu huu ungekuwa umekwisha dakika tatu zilizopita.

Juzi Ijumaa mwenye mashine ya kuchapa alitaka karatasi zake kabla ya saa kumi. Mjane aliposomewa habari za tepu alikataa kabisa. “Unataka kumwanika baba yako mbele ya majirani? Mtu hajazikwa.” Binti akasema ndivyo alivyoagizwa. “Aliagiza akiwa na homa,” mama akasema, na walibishana mpaka wote wawili wakalia, maana walikuwa hawajalala kitandani wiki mbili. Mwishowe mama akatoa uamuzi: “Kamwonyeshe baba yako mkubwa. Yeye ndiye aliyeungua. Akisema ifutwe, ifute, na mimi nitajibu kwa marehemu.”

Binti akaenda gerejini. Hakuna aliyemwambia baba mkubwa anachokuja kusoma, na njiani binti alikuwa na hofu ya kweli. Ndugu wawili walikuwa wamerudiana kwa nyuzi za cherehani na karatasi kumi na nne, na sasa yeye anakwenda kumpa mzee huyo sababu ya kugoma kushika hata koleo la udongo kaburini. Alimkuta amekaa ndani ya lile gari la zamani, kwenye kreti, kwa kuwa viti bado. Halina waya hata mmoja.

“Shikamoo, Baba mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Leta.”

Alisoma kwa kidole, polepole, kama alivyosoma michoro. Alipofika kwenye tepu hakusimama. Alisoma mpaka mwisho, akarudi kwenye tepu, akasoma tena.

“Hii naijua,” alisema. “Tangu siku ile naijua.”

“Nani alikwambia?”

“Pua yangu.” Akavua miwani. “Kaa hapo. Una kalamu?”

Binti akakaa kwenye sakafu ya gari. Baba mkubwa akasema hivi, na alitaka yaandikwe kama yalivyo:

“Tangu Alhamisi gari lile lilikuwa linanuka mpira wa kuungua. Mimi ndiye niliyekuwa naliendesha kwenda na kurudi, kulijaribu kabla ya kumkabidhi mwenyewe, nilinusa mara ya kwanza, nikanusa mara ya pili. Nilijua ni waya. Wiki ile tulikuwa tumegombana, mimi na yeye, kuhusu jina la nani litangulie kwenye bango la gereji. Upuuzi mtupu. Nikasema moyoni, ngoja liharibike kidogo mikononi mwangu, nimrudishie, nimwambie kazi yako hii hapa, bwana fundi. Sikutaka moto. Nilitaka aone aibu. Ningesema neno moja tu Alhamisi ile, angeshika bisibisi, yangeisha. Kwa hiyo aliposema bomba la mafuta nilinyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo ningeulizwa mbona ulinusa na hukusema. Jumapili zote zile nilikuwa namsukuma aanze yeye, ili na mimi niseme la kwangu. Yeye akawa ananiogopa, na mimi nikawa namngoja.”

Binti aliandika. Aliuliza kama ana uhakika anataka watu wasikie.

“Ya kwake wanaisikia?”

“Ndiyo.”

“Basi na ya kwangu isomwe. Asiende peke yake na lawama ya watu wawili.”

Akairudisha karatasi, akashuka kwenye gari kwa kushika mlango, akaomba asaidiwe kuinama kutafuta viatu vyake. Alilia hapo, akiwa ameinama, kiatu kimoja mkononi. Binti alimshika bega mpaka alipomaliza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, wanafunzi wake wa ufundi ambao idadi yao hakuna aliyeiweka, na kaka yake mmoja, ambaye leo amekaa mstari wa mbele na amekataa kukaa ncha ya benchi. Karatasi kumi na nne ziko kwake. Amesema atazifunga nyaya hizo yeye mwenyewe, binti wa marehemu akimsomea, na hatakubali haraka.

Baba, yamesemwa. La kwako na la kaka yako, mchana kweupe, mbele ya watu. Umechoka, nasi tumeona ulivyochoka. Lala sasa, na ulale na amani uliyoikosa tangu Jumamosi ile.